Nawapeleka mafundi wa miti 14 kwenye msitu mkongwe wa Amani. Nisaidieni kupanga, isije ikawa safari ya kupiga picha tu

#1 FundiMatawi

Habarini wakuu,

Mimi ni fundi wa miti hapa Dar. Kazi yangu ni kupogoa, kushusha miti iliyoegemea nyumba na nyaya za umeme, na kung'oa visiki. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Tupo mafundi 14 kutoka vikundi vinne vinavyoazimana kamba na chenso (misumeno ya injini), na tangu Januari tunachangishana ili twende pamoja tukaone msitu mkongwe. Tumechagua Amani, kule Muheza.

Niwaambie kilichonisukuma. Mwaka jana niliitwa kwenye ua mmoja kuangusha mkungu mzee. Shina lina mvungu, ukiingiza mkono unazama hadi kiwiko, na chini kabisa umeota uyoga mgumu kama kigae. Mwenye nyumba kaogopa, mimi nikaogopa kuliko yeye. Tukaukata. Ulipolala chini ndipo nikaona ule mvungu ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, na ubao mzima uliouzunguka unafika shubiri kila upande, mgumu hadi nilinoa mnyororo mara mbili. Halafu komba wawili wakatoka humo ndani mchana kweupe, wanapepesa macho.

Nimekata miti mingi na sina majuto ya kazi, lakini ule ulinikalia moyoni. Nikajiuliza kama nimewahi hata siku moja kuuona mti uliozeeka wenyewe, bila mtu kuugusa. Sijawahi. Ninachokijua ni ashoka, mijohoro, miembe na mikrismasi ya barabarani, ambayo ama imepandwa juzi ama imekatwa kichwa mara kumi. Ni kama daktari ambaye hajawahi kumwona mzee wa miaka themanini mwenye afya, kila mvi anaiita ugonjwa.

Naomba ushauri: twende lini, tulale wapi, tuone nini, nani atuongoze. Siku tatu, bajeti ya mafundi. Nawasilisha.

#2 MtotoWaChumbageni

Mafundi wa chenso 14 wanaelekea Hifadhi ya Amani. Mhifadhi ameshaambiwa au tumpigie sisi? 😂

#3 FundiMatawi

Chenso zinabaki Dar mkuu. Tunabeba helmeti na daftari.

#4 MzeeWaSigi

Mwanangu FundiMatawi, karibu kwetu. Nimeongoza wageni kwenye msitu ule miaka mingi kabla magoti hayajanigomea, kwa hiyo nikuonye mapema juu ya kosa la kila kundi: kutaka kuona vingi. Wanakuja na orodha. Bustani ya Wajerumani, kilima cha Mbomole, kinyonga mwenye pembe, bundi wa Usambara, maporomoko. Wanatembea kutwa nzima, jioni ukimwuliza mtu ameona nini anakuonyesha simu.

Nyinyi ni mafundi. Chagueni miti mitano kwa siku mbili. Mitano tu, na kila mmoja mkae nao saa nzima. Nusu ya saa hiyo mtu asiseme kitu.

Tena nikupe mbinu niliyokuwa nawafanyia wanafunzi wa misitu. Kabla mwongozaji hajafungua mdomo, kila mmoja auzunguke mti kwa mbali na aandike hukumu yake: mti huu ungekuwa kwenye ua wa mteja, ningeufanya nini? Nikate, nipunguze, niache? Na kwa nini? Kisha msomeane. Hapo ndipo mwongozaji aanze kusema. Akianza yeye, wote mtaitikia "ndiyo" na hamtajifunza kitu.

Njia ni hii. Muheza mnaacha barabara kuu, mnafuata ya Amani kilomita thelathini na kitu. Mtafika Sigi kwanza, mita kama 450 toka usawa wa bahari. Pale kuna nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, ya enzi ya Mjerumani. Reli nyembamba kutoka Tengeni ilifika Sigi mwaka 1910 kufuata mbao. Siku hizi nyumba hiyo ndiyo kituo cha taarifa cha hifadhi. Laleni hapo usiku wa kwanza. Kesho yake mpande hadi Amani penyewe, mita 900 na zaidi, na nakuomba kipande fulani mkipande kwa miguu. Mtaona msitu unavyobadilika kadiri baridi na ukungu vinavyoongezeka. Ukipita na gari hulioni hilo.

Msije masika. Machi hadi Mei barabara ile ni sabuni. Juni hadi Septemba ndiyo nafuu, japo Amani hainyimi mvua mwezi wowote, na usiku ni baridi. Watu wa Dar hamniamini nikisema sweta.

#5 FundiMatawi

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuandika hukumu kwanza nimeichukua kama ilivyo.

#6 MzeeWaSigi

Marahaba.

#7 DadaMimea

Naomba nitie mchanga kidogo kwenye pilau. Neno "msitu mkongwe" litumieni kwa uangalifu Amani, vinginevyo mtadanganywa na macho.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ina hekta 8,380 hivi. Humo ndani kuna msitu ambao haujawahi kuona trekta, kuna uliovunwa mbao hadi katikati ya miaka ya 1980, kuna mashamba ya iliki yaliyoachwa, na kuna bustani ya mimea ya mwaka 1902 ambapo Wajerumani walipanda miti ya kila pembe ya dunia. Vyote ni vijani, vyote vina kivuli. Mgeni akisimama katikati ya msitu wa miaka arobaini anasema "aisee, msitu wa mababu!"

Kipimo chenu kiwe mhesi, Maesopsis eminii kwa jina la kitaalamu. Kwao ni Kagera, Uganda na Kongo. Kwenye milima ya Usambara, ilipo Amani, uliletwa na watu mwanzoni mwa karne iliyopita. Unapenda mwanga, unakua mbio, na hauwezi kukulia kwenye kivuli kizito. Maana yake, popote mnapokuta mhesi mkubwa umesimama, jueni siku moja hapo palikuwa na pengo, jua likafika chini. Inawezekana mti mzee ulianguka wenyewe. Inawezekana ni msumeno. Mkikuta mihesi hamsini ya unene mmoja, hakuna haja ya kuuliza.

Msitu mkongwe wenyewe hauna unadhifu. Kuna jitu la mti lenye upana wa mlango wa gereji, pembeni yake fito, kisha mti mkavu uliosimama, kisha gogo lililooza hadi ukilikanyaga mguu unazama, na miche imeota juu ya gogo hilohilo. Kuna mbugu, mimea inayojisokota mitini, nene kama paja. Sisi watu wa bustani tungeambiwa "tusafishe" pale, tungejaza malori.

#8 Pwani_Kwale

Salamu kutoka Kwale, Kenya. Hoja ya DadaMimea naiunga mkono, nami naongeza: msidharau misitu midogo. Kwetu Diani kuna Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo, mojawapo ya misitu ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ni mdogo, waumaliza kwa saa mbili, lakini miti yake imelindwa na miiko kabla ya serikali yoyote. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unaingia na mzee wa kaya, hutoi hata jani. Mimi ni mtu wa pawa, yaani chenso, kama nyinyi, na siku ya kwanza kuambiwa nisiokote hata kijiti nilihisi mikono yangu haina kazi. Nikaanza kutazama.

#9 MtotoWaChumbageni

Ila wakuu kama ni miti, si muende Kilimanjaro? Kuna mti kule ulipimwa mita 81.5, ikatangazwa 2016 kuwa ndio mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika. Amani mna nini?

#10 DadaMimea

Kweli upo, na unakadiriwa kuwa na miaka 500 hadi 600. Lakini fundi wa miti atajifunza nini kwa mti mmoja mrefu ulio bondeni mbali na njia? Atavunjika shingo tu. Hawa wanahitaji miti mingi iliyo kwenye hatua tofauti za uzee, na mahali ambapo basi dogo linafika.

#11 Bongo_Leeds

Nipo Uingereza mwaka wa tisa, nafanya kazi hiyohiyo ya kupanda miti kwa kamba. FundiMatawi, kisa chako cha mkungu kimenigusa kwa sababu huku nilifundishwa darasani kitu ambacho wewe umekiona kwa macho yako.

Alikuwepo mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, Alex Shigo. Yeye alichukua chenso akawa anapasua miti kwa urefu, toka kileleni hadi mizizini, maelfu ya miti, badala ya kuikata mikingamo kama watu wote. Akaona kwamba mti hauponi kidonda kama sisi tunavyoponyesha ngozi. Mti hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia, na ukuta imara kuliko zote ni ule unaotenga ubao uliokuwepo siku ya jeraha na ubao utakaoota baada ya siku hiyo. Uozo unakula vya zamani, vipya vinabaki salama nje ya ukuta. Ndiyo maana mvungu wa mkungu wako ulikuwa mwembamba. Mti ulishaufungia uozo ndani zamani.

Kutokana na kazi hiyo tukaacha mambo matatu niliyokuwa nayafanya Dar kwa kiburi: kukata tawi sambamba kabisa na shina ili "papendeze", kupaka lami au rangi kwenye kidonda, na kuziba mvungu kwa zege. Kata nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shingo ya tawi. Uvimbe huo ndio kiwanda cha ukuta. Mkifika Amani tafuteni mahali tawi limejifia lenyewe na kudondoka, mtazame kovu lilivyofunga. Halafu linganisheni na makovu ya kazi zenu kwenye picha za simu. Mimi nililinganisha yangu, nikafuta picha.

#12 Kipara_Mwanza

Samahani, huo mvungu mtu anajuaje kuwa bado salama? Maana mteja akiuliza siwezi kumwambia "mti umejenga ukuta" halafu ukaangukia Prado.

#13 Bongo_Leeds

Kuna kanuni ya Mjerumani Claus Mattheck: ubao mzima ukibaki angalau theluthi moja ya nusu-kipenyo cha shina, mti wenye mvungu bado una nguvu ya kutosha. Mkungu wa FundiMatawi kama ulikuwa na upana wa sentimita 80, nusu yake 40, na ubao ulikuwa shubiri, yaani zaidi ya sentimita 20. Hesabu mwenyewe.

#14 DadaMimea

Ongeza hapo kwamba kanuni hiyo inabishaniwa, na haisaidii mvungu ukiwa umefunguka ubavuni, wala mizizi ikiwa ndiyo iliyooza. Uyoga aliouona FundiMatawi ulikuwa chini kabisa kwenye tako la mti. Pale mimi ningechunguza mizizi kabla ya kumlaumu mtu. Pengine kuukata haikuwa dhambi.

#15 FundiMatawi

Dada, umenipunguzia usingizi tena 😅 Yaani sasa sijui kama nilikosea au la.

#16 DadaMimea

Ndiyo maana ya safari.

#17 MzeeWaSigi

Sasa niseme miti mitano, kwa majina tunayoyatumia sisi.

Sigi, tazameni mfune. Shina lake la manjano hafifu, limenyooka kama nguzo, halina tawi hadi juu sana. Mafundi wa mjini huwa wanauliza nani aliupogoa. Hakuna. Msitu wenyewe unapogoa, tawi likikosa jua linakufa, linadondoka. Hapohapo Sigi kuna mvule, ambao wote mnaujua kwa kitanda na mlango, ila wachache wenu mmewahi kuukuta umesimama.

Mkipanda, mnyasa. Huo ndio mwalimu wenu. Mbawa zake za shina zinatoka kama kuta za nyumba isiyoezekwa, mtu mzima anajificha asionekane. Ule mkubwa mara nyingi kilele kimekauka na chini yake ameanza upya na matawi mabichi, kama mzee aliyehama ghorofa ya juu akashuka ya chini. Kaeni hapo muda mrefu.

Kisha msambu. Matunda yake ni makubwa, mazito, na yakiiva yanadondoka yenyewe. Zile helmeti zenu zitapata kazi. Wanakijiji huokota, mbegu zina mafuta, na mti wenye faida ukiwa umesimama huwa haukatwi ovyo.

Wa tano ni mtambara. Ni ndugu wa mkungumanga, na duniani unaota kwenye milima yetu hii michache tu. Kwamkoro kuna mirefu ya kutosha. Mwambieni mwongozaji awapeleke kwenye mtambara ulioanguka, si uliosimama.

#18 Kipara_Mwanza

Mzee, ulioanguka wa nini tena?

#19 MzeeWaSigi

Nenda ukaone.

#20 Pwani_Kwale

Kwa ruhusa ya mzee nami niulize: mwapanga kupanda miti kwa kamba? Maana nyie mna hanesi (mikanda ya kupandia) na mtashikwa na uchu mkiyaona hayo.

#21 MzeeWaSigi

Bila kibali cha mhifadhi, hapana. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Hukati, huchimbi, hupandi, huondoki na mche mfukoni. Andikeni barua kwa ofisi ya mhifadhi mapema, mseme nyinyi ni nani, mko wangapi, mnataka kujifunza nini. Mkiandika vizuri mtapewa mwongozaji anayejua miti badala ya anayejua ndege, maana wapo wa aina zote. Kiingilio ulizeni hukohuko, Mtanzania na mgeni hawalipi sawa. Na mjigawe mara mbili, saba saba. Watu 14 wakiuzunguka mti mmoja wanashindilia udongo juu ya mizizi, na wale wa nyuma hawasikii chochote.

#22 DadaMimea

Na osheni viatu kabla ya kupanda gari Dar. Sitanii. Usambara tayari inasumbuliwa na kichaka cha Clidemia kutoka Amerika kinachotambaa pembezoni mwa njia, hatuhitaji mbegu nyingine kwenye matope ya buti zenu.

#23 FundiMatawi

Sawa. Swali jingine: vijana wangu wameona video kwamba miti inaongea chini ya ardhi kupitia kuvu, mti mama unawalisha watoto wake. Mwongozaji atatuonyesha hilo?

#24 DadaMimea

Natamani ningesema ndiyo, ni hadithi tamu. Kilichopo ni hiki: mwaka 1997 huko British Columbia, Kanada, Suzanne Simard na wenzake walionyesha kaboni ikihama kati ya miche ya aina mbili iliyokuwa na kuvu wa pamoja mizizini. Huo ni utafiti wa kweli. Kisha hadithi ikakua kuliko utafiti, hadi mwaka 2023 wanasayansi watatu wa fani hiyohiyo wakapitia ushahidi na kuandika kwamba mengi yanayosemwa kuhusu mti mama bado hayana msingi wa kutosha porini. Tena miti mingi ya misitu ya mvua ya milimani kwetu inaishi na kuvu wa kundi tofauti na wale wa Kanada.

Waambieni vijana kilicho hakika: kuvu wanarefusha mizizi ya mti na kuupatia fosforasi, mti unawalipa kwa sukari. Udongo ukishindiliwa na magari au ukifunikwa kwa zege, mapatano hayo yanavunjika. Hilo linatosha kumfanya fundi abadilishe anavyopaki lori.

#25 Bongo_Leeds

Na onyo moja kabla hamjaondoka. Mti wa msituni umekua umezungukwa na ndugu, upepo haujawahi kuupiga peke yake. Msirudi Dar mkaanza kuacha kila mti mkavu eti "kule Amani inaachwa". Kule ukianguka unaangukia majani. Huku Uingereza mti mzee ukifa tunapunguza matawi yote hatarishi tukaacha shina limesimama kwa ajili ya popo na ndege, lakini tunaanza kwa kuuliza: ukianguka, chini kuna nani?

Na kinyume chake pia. Barabara ikipanuliwa, mkandarasi akakata safu nzima na kubakiza mti mmoja "kwa ajili ya kivuli", huo mmoja ndio wa kuogopa.

#26 Kipara_Mwanza

Huo wa mwisho nimeukuta mara tatu. Mara tatu uliangukia watu wa kivuli.

#27 FundiMatawi

(wiki saba baadaye)

Wakuu, tumerudi salama. Niliahidi mrejesho.

Nianze na ya aibu. Mvua ilitunyeshea Agosti, mzee alisema. Watu watano hawakuwa na sweta. Mmoja wetu aliteleza akakalia siafu, sitamtaja, ila anasoma uzi huu. Bundi hatukumwona wala kumsikia. Wawili walichoka siku ya pili wakabaki kwenye nyumba ya wageni wakicheza bao.

Sasa mnyasa. Tulifika asubuhi, ukungu haujaisha. Tukafanya kama mzee alivyoagiza: nusu saa kimya, kila mtu na daftari. Kilele kikavu, kweupe kama mfupa, mbawa moja imeoza imeacha dirisha, na kwenye shina juu, kama mita 20, tundu limezibwa kwa udongo kukabaki ufa tu. Tukasomeana hukumu. Watu tisa waliandika "kata". Tisa kati ya kumi na wawili! Mimi niliandika "kata", nikafuta, nikaandika "punguza kilele", nikafuta.

Mwongozaji hakubisha. Alisema tu, tusubiri. Baada ya dakika kama ishirini tukasikia mbawa, unajua ule mlio wa hondohondo akiruka, kama mtu anapepeta mchele. Akatua kwenye lile tundu, akaingiza kitu kwenye ufa, akaondoka. Jike alikuwa ndani, amejifungia na mayai au makinda, dume anamlisha kupitia ufa ule. Miezi hiyo yote hatoki. Mwongozaji akatuuliza kwa upole: chenso mngeianzia upande gani?

Hakuna aliyecheka.

Kisha akatuonyesha chini, pale hondohondo wanapodondosha vinyesi. Mche wa mhesi, mmoja baada ya mwingine. Ndege huyohuyo anayehitaji mti mzee wenye mvungu ndiye anayesambaza mti mgeni unaovamia. Kipara aliuliza, sasa yeye ni mbaya au mzuri? Mwongozaji akasema yeye ana njaa. Mingi ya miche ile itakufa kwa kivuli, akasema, mradi mnyasa umesimama. Ukianguka kabla ya wakati, mihesi inapanda.

Na mtambara ulioanguka, mzee, nimekuelewa. Gogo refu kuliko basi letu mara tatu, limelala na kufungua anga. Jua linaingia kama taa ya uwanjani, mbugu zimejisokota kila mahali, kelele za ndege wadogo ni nyingi kuliko popote tulipopita. Mwongozaji alisema kuna ndege mmoja adimu sana, anayeishi Amani na sehemu chache mno, ambaye anapenda hasahasa hivi vichaka vya mbugu kwenye mapengo. Sisi mbugu huwa tunazikata kabla hata ya kumaliza chai.

Kijana wetu mdogo kuliko wote aliuliza mtambara ule ulikuwa na miaka mingapi, akachuchumaa kwenye sehemu iliyovunjika ahesabu pete. Hakuna za kuhesabika. Mwongozaji akamwambia kwenye misitu isiyo na baridi kali wala kiangazi kirefu mti hausimami kukua ili uweke alama ya mwaka, na unene nao hudanganya, kwani mti unaweza kukaa kivulini miongo mingi ukiwa mwembamba kama fimbo ukisubiri pengo kama lile. Kijana akaushika mche mmoja, unene wa kidole, akauliza: kwa hiyo huu unaweza kuwa mkubwa kwangu?

Ndiyo, ana miaka kumi na tisa.

#28 MzeeWaSigi

Nimefurahi. Na yule aliyekalia siafu apewe pole.

#29 Kipara_Mwanza

Amepoa, asante mzee.

#30 DadaMimea

😂😂 Sasa swali la mtihani: mkungu wa mwaka jana, mngeufanya nini leo?

#31 FundiMatawi

Tumebishana juu ya huo toka Segera hadi Chalinze. Saba wanasema ningechimba kwanza kuona mizizi, wanne wanasema uyoga ule ungetosha kuukata, mmoja anasema ningewahamisha komba. Wale wa bao hawakupewa kura.

Ila kuna mwingine. Jirani wa mteja yuleyule ana mwembe mzee, una mvungu, alitaka tuuangushe mwezi huu. Jana nimekwenda na nyundo ya mpira, nikaugonga pande zote, nikafukua mizizi kwa mkono sehemu nne, nikakaa chini yake nusu saa bila kusema, mke wake akadhani nimeugua. Mizizi mizima. Upande wa paa kuna matawi mawili tu yenye hatari. Amekubali tupunguze hayo, kiti cha watoto kihame kutoka chini yake, na niukague tena kabla ya vuli.

Kazi ni Jumamosi, Mikocheni. Kamba yangu ndefu ililowa Amani ikaota ukungu, siiamini. Nani ana ya mita 45 aniazime?